Moyo wa kulia unaposema umechoka: historia ya kipimo cha NT-proBNP

Tunaendelea na mfululizo wetu wa vipimo vya damu na vilikotoka. Leo ni zamu ya kipimo ambacho mnanitumia sana picha za majibu yake inboksi: "Sista, hii NT-proBNP ndiyo nini? Imeandikwa iko juu. Ni hatari?"

Swali zuri, ila halijibiki kwa sentensi moja. Namba hiyo ina historia ndefu, na ukiijua historia yake hutaiogopa bure, wala hutaidharau. Mlaze mtoto kwanza, kaa vizuri. Ni ndefu kidogo.

1. KUNA PRESHA ISIYOPIMWA MKONONI

Tuanze na hili maana ndilo linalowapita wengi. Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto unasukuma damu mwili mzima, kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Upande wa kulia una kazi moja: kupeleka damu kwenye mapafu ikachukue hewa safi.

Mapafu kwa kawaida hayana ubishi. Mishipa yake ni laini na inatanuka, kwa hiyo presha ya huko ni ndogo sana. Kwa mtu mzima mwenye afya akiwa amepumzika, wastani ni kama milimita 14 za zebaki. Linganisha na ile 120 unayoandikiwa kliniki! Ndiyo maana ukuta wa chumba cha chini cha kulia ni mwembamba. Haukuumbwa kwa kazi nzito.

Sasa mishipa ya mapafu ikikakamaa au kuziba, presha ya huko inapanda. Moyo wa kulia unalazimika kusukuma kwa nguvu ambazo haukuzizoea. Mwanzoni msuli unanenepa ili umudu. Baadaye unachoka, unatanuka, unalegea. Huo ndio ugonjwa wa presha ya juu ya mapafu.

Na hapa ndipo penye mtego: unaweza kupimwa presha mkononi kila kliniki ukaambiwa 110 kwa 70, safi kabisa, kumbe presha ya mapafu iko juu. Hizo ni presha mbili tofauti. Ile mashine ya mkononi haifiki mapafuni.

2. UGONJWA ULIOONEKANA KWA MAREHEMU TU

Mwaka 1891 daktari wa Ujerumani, Ernst von Romberg, alichunguza maiti ya mgonjwa akakuta mishipa ya mapafu imekuwa minene na migumu, bila sababu yoyote aliyoweza kuieleza. Akaandika alichokiona. Hakuwa na zaidi ya hapo.

Kwa miaka mingi iliyofuata hali ilibaki hivyo. Ugonjwa ulijulikana mtu akishafariki. Hakukuwa na njia ya kuufikia moyo wa kulia wa mtu aliye hai na kupima presha yake. Madaktari wengi waliamini kwamba ukiugusa moyo wa mtu hai kwa kifaa chochote, anakufa.

3. DAKTARI KIJANA NA NESI MMOJA

Hapa mnisamehe nichangamke kidogo, maana kuna nesi kwenye hadithi na vitabu vingi vinampita haraka.

Mwaka 1929, kwenye hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde karibu na Berlin, daktari kijana anaitwa Werner Forssmann alitaka kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi ndani ya moyo. Mkuu wake alikataa. Vifaa safi vya upasuaji vilikuwa chini ya nesi Gerda Ditzen. Forssmann akamweleza nia yake, na yule nesi akakubali, tena akajitolea yeye mwenyewe awe mtu wa kujaribiwa.

Forssmann akamlaza kwenye meza, akamfunga mikono na miguu, akajifanya anaandaa mkono wake. Kumbe pembeni alishajichoma ganzi mkono wake mwenyewe. Akapasua kwenye kiwiko, akaingiza mrija uliotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo, wenye urefu wa sentimita 65. Ndipo akamfungua Gerda, wakaenda pamoja chumba cha eksirei, mrija ukiwa bado mkononi. Picha ikaonyesha ncha yake iko ndani ya moyo wa kulia. Na mtu yuko wima, anaongea.

Badala ya pongezi alipata matatizo kazini, mwishowe akaacha mambo ya moyo akawa daktari wa njia ya mkojo. Lakini kule New York, André Cournand na Dickinson Richards waliichukua njia yake, wakaanza kupima presha ndani ya moyo wa kulia na mishipa ya mapafu kwa wagonjwa. Mwaka 1956 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel.

Mpaka leo, kuthibitisha presha ya mapafu kwa uhakika kunafanyika kwa mrija huo. Hakuna kipimo cha damu kilichouondoa. Likumbuke hili, tutalirudia.

4. VIDONGE VYA KUPUNGUZA UNENE

Mwaka 1951, tena New York, David Dresdale na wenzake walieleza wagonjwa waliopimwa kwa mrija, wenye presha ya mapafu isiyo na chanzo kinachojulikana. Ugonjwa ukapata jina. Ila ulihesabiwa kuwa wa nadra, wengi hawakuujali.

Kilichoamsha dunia ni vidonge vya kupunguza unene. Mwaka 1965 dawa ya kukata hamu ya kula iitwayo aminorex ilianza kuuzwa Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi. Haikupita muda, madaktari wa huko wakaona wagonjwa wa presha ya mapafu wanaongezeka ghafla, wengi wao walimeza vidonge hivyo. Mwaka 1968 vikaondolewa sokoni. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani likaitisha mkutano Geneva kuujadili ugonjwa huu.

Dada yangu uliyejifungua juzi unatafuta vidonge vya "kurudisha tumbo" mtandaoni: nakuomba usome aya hiyo mara mbili.

5. MIAKA MIWILI YA KUAMBIWA "NI UCHOVU TU"

Kuanzia 1981 hadi 1985, Marekani iliweka daftari la kitaifa la wagonjwa hawa. Vituo 32 vilishiriki, wagonjwa 187 waliandikwa. Walichokikuta kinatuhusu sisi moja kwa moja.

Wastani wa umri ulikuwa miaka 36. Kwa kila mwanaume mmoja kulikuwa na wanawake 1.7. Na tangu mtu aanze kujisikia vibaya hadi ajulikane anaumwa nini, wastani ulikuwa miaka miwili.

Miaka miwili, mama! Fikiria mwanamke wa miaka 36. Ana watoto, ana kazi, analala saa chache. Akisema "nikipanda ngazi pumzi inakata", anajibiwa nini? Umechoka. Umenenepa. Una mawazo. Ni uzazi huo.

Na muda huo ulikuwa ghali. Mwaka 1991 matokeo yalionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wale walifariki ndani ya miaka 2.8 tangu wagundulike. Tafadhali usiichukue namba hiyo ukaibandika kwa mgonjwa wa leo. Enzi zile hakukuwa na dawa hata moja iliyopitishwa mahususi kwa ugonjwa huu. Ya kwanza, epoprostenol, ilipitishwa Marekani mwaka 1995, nayo inaingizwa mshipani mfululizo usiku na mchana. Vidonge vya bosentan vikaja 2001. Mwaka 2005 ikaidhinishwa sildenafil. Ndiyo, ile ile mnayoijua kwa kazi nyingine. Msicheke, inawasaidia wagonjwa wengi. Ila msiinunue wenyewe.

Tatizo lililobaki likawa hili: huwezi kumwingiza mtu mrija moyoni kila mwezi ili kujua anaendeleaje. Ilihitajika njia nyepesi. Jibu lilikuwa linaandaliwa sehemu nyingine kabisa, na watu ambao hawakuwa wanafikiria mapafu.

6. KUMBE MOYO UNATUMA UJUMBE

Turudi 1956, mwaka ule ule wa Nobel. Bruno Kisch alikuwa anaangalia misuli ya moyo wa simbilisi kwa hadubini ya elektroni. Kwenye vyumba vya juu vya moyo akaona chembechembe ndogo zinazofanana na zile za tezi zinazotengeneza homoni. Zinafanya nini moyoni? Hakuna aliyejua.

Mwaka huo huo James Henry na wenzake walitanua puto dogo ndani ya chumba cha juu cha moyo wa mbwa. Mbwa wakaanza kukojoa zaidi. Moyo ukivutwa, mkojo unaongezeka. Kwa nini?

Majibu mawili yalikaa mbalimbali kwa miaka 25. Ndipo mwaka 1981 Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Kingston nchini Kanada, akasaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya na kuwachoma panya wengine maji yake. Mkojo ukaongezeka mara 10, chumvi iliyotoka nao ikazidi mara 30. Akijaribu kwa nyama ya vyumba vya chini, hakuna kitu.

Maana yake ni kubwa. Moyo si pampu tu. Ni tezi pia. Ukijaa na kuvutika, unamwaga protini kwenye damu kuiambia figo: punguza maji, punguza chumvi, nimezidiwa huku.

7. JINA LILILOTOKA KWENYE UBONGO WA NGURUWE

Wajapani wakalishika jambo. Mwaka 1984 Kenji Kangawa na Hisayuki Matsuo walitambua muundo wa ile protini ya vyumba vya juu kwa binadamu. Mwaka 1988, wakiwa na Tetsuji Sudoh na Naoto Minamino, wakapata ndugu yake kwenye ubongo wa nguruwe. Kwa kuwa ilitoka kwenye ubongo, wakaipa jina la ubongo. Ile herufi B ya BNP ndiyo hiyo.

Baadaye ikajulikana kwamba kwa binadamu chanzo chake kikubwa ni vyumba vya chini vya moyo, hasa vikizidiwa. Jina likabaki. Kwa hiyo ukiona kwenye karatasi yako neno linalomaanisha ubongo, usishtuke. Ubongo wako haujapimwa.

Inavyofanya kazi ni hivi. Msuli wa moyo ukivutwa unatengeneza protini moja ndefu. Protini hiyo inakatwa vipande viwili. Kimoja ni BNP, ndicho kinachofanya kazi, na nusu yake inatoweka kwenye damu ndani ya dakika kama 20. Kipande cha pili ni NT-proBNP. Chenyewe hakifanyi kazi, ni kama maganda yaliyobaki baada ya kumenya, lakini kinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa hiyo ni rahisi kukipima. Ukihesabu maganda unajua ndizi ngapi zimeliwa.

8. OSAKA: WAGONJWA 60

Mwaka 1998 Noritoshi Nagaya na wenzake, Japani, walionyesha kwamba BNP inapanda kadiri moyo wa kulia unavyozidi kushindwa kwa wagonjwa wa presha ya mapafu. Mwaka 2000 wakatoa utafiti wa pili, uliofuatilia wagonjwa 60 waliotibiwa Osaka. Waliokuwa na BNP kubwa walikuwa hatarini zaidi. Na jambo la muhimu kuliko yote: walioanza dawa na BNP yao ikabaki juu walikuwa na hali mbaya kuliko wale ambao yao ilishuka.

Hapo ndipo kipimo kilipopata kazi yake ya kweli. Namba ya siku moja inasema kidogo. Namba ya leo ukiiweka karibu na ya miezi mitatu iliyopita inasema mengi.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2000, Marekani ikaidhinisha kipimo cha haraka cha BNP. Mwaka 2002 Alan Maisel na wenzake wakakijaribu kwa watu 1,586 waliofika vyumba vya dharura wakihema, kikawasaidia madaktari kujua nani shida yake ni moyo. Na mwaka 2003 Adam Torbicki na wenzake, Poland, wakaongeza protini nyingine, troponini. Hii inatoka pale ambapo seli za moyo zinaumia kabisa, si kuvutika tu. Kati ya wagonjwa 56 wa presha ya mapafu, 8 walikuwa nayo kwenye damu, na hao ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi.

9. SELIMUNDU: HAPA TUNAZUNGUMZA NYUMBANI

Mama mwenye mtoto wa selimundu, hii ni yako. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo siongei habari za mbali.

Seli zikivunjika mara kwa mara kwa miaka mingi, mishipa ya mapafu huathirika. Mwaka 2006 Roberto Machado na wenzake, Marekani, walichapisha kwamba kwa watu wazima wenye selimundu, NT-proBNP ya pikogramu 160 au zaidi kwa mililita iliendana na presha ya mapafu na hatari ya kifo. Namba 160 ni ndogo. Kwa mgonjwa mwingine isingemshtua mtu. Watu wa selimundu wana upungufu wa damu, na moyo wao una mzigo tofauti.

Somo lake ni kwamba usilinganishe majibu yako na ya jirani. Na ya mtoto mchanga ndiyo usiguse kabisa. Siku za kwanza baada ya kuzaliwa NT-proBNP huwa juu sana kwa kawaida, maana mapafu ndiyo yanafunguka na moyo unajipanga upya, halafu inashuka yenyewe.

10. SASA NAMBA YAKO INASEMA NINI

Kwa mtu mzima ambaye tayari amethibitishwa ana presha ya mishipa ya mapafu, mwongozo wa Ulaya wa 2022 unasema NT-proBNP chini ya 300 ni dalili nzuri, na zaidi ya 1,100 ni hatari kubwa. Lakini haiangaliwi peke yake. Wanaangalia pia unatembea umbali gani kwa dakika 6, na shughuli gani za nyumbani zinakukata pumzi.

Kipimo hiki hakisemi ni upande gani wa moyo umezidiwa. Wa kushoto ukichoka, namba inapanda pia. Figo zikiwa na shida, inapanda. Umri ukienda, inapanda. Kifafa cha mimba kinaweza kuipandisha. Kwa mtu mnene inaweza kuwa chini kuliko hali halisi. Na mwanzoni mwa ugonjwa inaweza kuwa ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo jibu la "Sista, ni hatari?" ni hili: namba ikiwa juu, moyo wako unasema umezidiwa. Haujasema nani kauzidi. Hatua inayofuata ni ultrasaundi ya moyo, na ikibidi ule mrija wa Forssmann. Namba ikiwa ya kawaida lakini pumzi inakata, usikubali mazungumzo yaishie hapo.

11. KWA NINI NIMEWASIMULIA HAYA YOTE

Kwa sababu kipimo hakijiandiki chenyewe. Lazima kwanza mtu akuamini ukisema hujisikii vizuri. Ile miaka miwili ya kuchelewa ilikuwa miaka ya kutosikilizwa, na hakuna mashine ya maabara inayoponya hilo.

Nenda hospitali ukiona haya, na uyataje kwa mpangilio:

– Pumzi inakata kwenye kazi uliyoimudu miezi mitatu iliyopita: kupanda ngazi, kubeba ndoo, kumbeba mtoto mgongoni.
– Kuzimia au kuona giza ukijitahidi. Hii usilale nayo.
– Miguu kuvimba, tumbo kujaa, mishipa ya shingo kutuna.
– Kifua kubana, midomo kuwa ya bluu.
– Kwa mtoto: anachoka kunyonya, jasho linamtoka akinyonya, haongezeki uzito.

Taja pia historia yako: selimundu, tundu kwenye moyo, homa ya baridi yabisi utotoni, kichocho, kifua kikuu, VVU, miaka mingi ya moshi wa kuni jikoni, dawa za kupunguza unene. Hivyo vyote vinaweza kufika kwenye moyo wa kulia.

Na kama umeshaambiwa una presha ya mapafu, zungumza na daktari wako kuhusu uzazi wa mpango mapema. Mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu ya ile uliyonayo, na moyo wa kulia ndio unaopokea mzigo huo. Siku za baada ya kujifungua ndizo ngumu zaidi. Baadhi ya dawa za ugonjwa huu zinadhuru mtoto tumboni. Tathmini iliyotolewa 1998, ya wagonjwa wa kati ya 1978 na 1996, ilikuta vifo vya akina mama hawa ni asilimia 30 hadi 56 kutegemea aina ya ugonjwa. Siku hizi hali ni nafuu pale penye wataalamu, ila bado wataalamu wanashauri usibebe mimba. Najua ni maneno mazito kwa mwanamke anayetaka mtoto. Bora uyasikie kwangu leo kuliko leba. Na kama tayari una mimba, usijifiche. Wahi hospitali kubwa yenye daktari wa moyo, mapema kabisa.

Wenye maswali andikeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Majibu ya vipimo msiyaweke hadharani, tumeni inboksi. Na mtumie mama mmoja unayemjua ambaye kila siku anasema "nimechoka tu". Sehemu ijayo ni kreatinini, kipimo cha figo.